Jean-Joseph Rabearivelo: Mshairi wa Madagaska aliyeishi kati ya lugha mbili

Mwaka 1937 Ufaransa iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa mjini Paris, na makoloni yake yakawa yanachagua watu wa kuyawakilisha. Mjini Antananarivo, mji mkuu wa Madagaska, kulikuwa na mtu mmoja aliyeitamani sana safari hiyo. Kazi yake ilikuwa kusahihisha maandishi katika kiwanda cha uchapaji. Mshahara wake ulikuwa mdogo na madeni yake mengi. Lakini alikuwa ameshatoa vitabu kadhaa vya mashairi kwa Kifaransa, na waandishi wakubwa wa Ufaransa walikuwa wakiandikiana naye barua. Hakuwahi kutoka nje ya kisiwa chake hata mara moja.

Serikali ya kikoloni ilimkatalia. Badala yake ikaamua kupeleka kundi la mafundi wa kusuka vikapu. Tarehe 22 Juni mwaka huohuo, mshairi huyo alijiua.

Jina lake ni Jean-Joseph Rabearivelo. Leo anahesabiwa miongoni mwa washairi wa kwanza wa zama mpya barani Afrika, na nchini kwake ni mshairi wa taifa. Maisha yake yanagusa jambo ambalo wengi wetu tunalijua: kuwa na lugha ya nyumbani na lugha ya shuleni, na kutakiwa kuchagua moja.

Alizaliwa katika wakati gani?

Rabearivelo alizaliwa tarehe 4 Machi katika eneo la Antananarivo, kwenye nyanda za juu za Imerina, katikati ya Madagaska. Yeye mwenyewe alipenda kusema alizaliwa mwaka 1903, lakini watafiti wengi wanaona mwaka ulio sahihi ni 1901.

Miaka michache tu kabla ya hapo, nchi yake ilikuwa bado ufalme. Mwaka 1896 Ufaransa iliitangaza Madagaska kuwa koloni lake. Mwaka uliofuata Malkia Ranavalona wa Tatu aliondolewa madarakani na kupelekwa uhamishoni, kwanza katika kisiwa cha Réunion na baadaye Algeria. Hakurudi tena akiwa hai. Utumwa nao ulipigwa marufuku mwaka 1896, na koo nyingi za kitukufu zilizokuwa zikitegemea mashamba na watumwa zikaanguka.

Mama yake Rabearivelo alitoka katika ukoo kama huo. Alikuwa na damu ya kitukufu, lakini mali ilikuwa imekwisha. Alimzaa mtoto huyo akiwa hajaolewa, na hakupata mwingine. Kwa hiyo Rabearivelo alikua akisikia habari za ukubwa wa jana ndani ya nyumba ya umaskini wa leo. Jambo hilo halikumtoka moyoni. Baadaye aliandika riwaya mbili kwa Kifaransa kuhusu kuanguka kwa ufalme na kuporomoka kwa koo kubwa za Imerina. Hakuna hata moja iliyochapishwa akiwa hai. Ya kwanza kutoka, L'Interférence, ilionekana mwaka 1988, na ya pili, L'Aube rouge, mwaka 1998.

Shule iliyomshinda na vitabu vilivyomlea

Alisoma katika shule za wamisionari wa Kikatoliki mjini Antananarivo, lakini masomo hayakwenda mbali. Akiwa na umri wa miaka 13 hivi aliondoka katika shule ya mapadri Wajesuiti. Walimu walilalamika kwamba hana nidhamu na hapendi ibada. Baada ya hapo alisoma kidogo katika shule nyingine, na elimu yake ya darasani ikaishia hapo.

Alianza kazi za kila namna. Alikuwa karani na mkalimani wa mkuu wa wilaya huko Ambatolampy. Alichora michoro ya vitambaa vya lesi. Alitumwa huku na kule kama tarishi. Kisha akapata kazi ya kusaidia katika maktaba ya klabu moja ya watu wa tabaka la juu mjini.

Kazi hiyo ya maktaba ndiyo iliyokuwa chuo kikuu chake. Alisoma kila kitabu alichoweza kukifikia. Aliwasoma washairi wa Ufaransa kama Charles Baudelaire, Paul Verlaine na Arthur Rimbaud, na baadaye akawatafsiri kwa Kimalagasi. Alijifunza pia Kihispania. Hata alipokuwa hana fedha za kutosha kulisha nyumba, aliendelea kuagiza vitabu kutoka ng'ambo ya bahari.

Mashairi yake ya kwanza yalitoka katika jarida la Kimalagasi akiwa kijana wa miaka 14 hivi, chini ya jina la bandia. Baadaye alibadilisha hata jina lake la ubatizo. Alikuwa Joseph-Casimir. Akajiita Jean-Joseph, ili herufi za mwanzo za jina lake zilingane na zile za Jean-Jacques Rousseau, mwandishi mashuhuri wa lugha ya Kifaransa. Jina hilo ndilo alilolibeba hadi mwisho.

Kimalagasi, lugha yenye historia yake

Wakoloni wengi waliwaona watu wa Madagaska kuwa hawana maandishi wala fasihi. Ukweli ulikuwa tofauti.

Kimalagasi ni jamaa wa lugha za visiwa vya Asia, hasa zile za Borneo, ambako baadhi ya wahenga wa Wamalagasi walitoka wakivuka Bahari ya Hindi. Lakini ndani yake kuna maneno mengi yenye asili ya Kibantu. Ng'ombe kwa Kimalagasi ni omby, kuku ni akoho, mbwa ni amboa na kondoo ni ondry. Ukijua kwamba herufi o katika Kimalagasi husomwa kama u, utasikia kwamba akoho haiko mbali na kuku wa uani kwako. Wazee wa pwani yetu walikiita kisiwa hicho Bukini, na majahazi yalikwenda na kurudi kwa karne nyingi.

Kusini mashariki mwa Madagaska kulikuwa na waandishi waliotumia herufi za Kiarabu kuandika Kimalagasi, kama vile wenzao wa Lamu na Pate walivyoandika Kiswahili. Katika miaka ya 1820, wakati wa Mfalme Radama wa Kwanza, herufi za Kilatini zilianza kutumika. Biblia nzima kwa Kimalagasi ilikamilika kuchapishwa mwaka 1835. Kwa hiyo Wafaransa walipofika kutawala, tayari kulikuwa na wasomaji, waandishi na magazeti ya Kimalagasi.

Kulikuwa pia na sanaa ya mdomo. Kabary ni hotuba ya mafumbo na methali inayotolewa kwenye posa, harusi, mazishi na mikutano ya kijiji, na msemaji hodari huheshimiwa. Hainteny ni mashairi mafupi ya majibizano, mara nyingi kuhusu mapenzi, ambapo maana hufichwa ndani ya taswira ya ndege, mti au maji. Anayezijua ngonjera na mafumbo ya taarabu hatapata shida kuelewa.

Rabearivelo aliipenda hazina hii. Aliikusanya, akaitafsiri, na akaichukua kama shule ya ushairi wake mwenyewe.

Kazi ya kiwandani na barua za ng'ambo

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 alifahamiana na Pierre Camo, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi Madagaska na ambaye mwenyewe alikuwa mshairi. Camo alianzisha jarida la fasihi mjini Antananarivo na kumfungulia Rabearivelo mlango. Karibu wakati huohuo Rabearivelo akaingia kiwanda cha uchapaji kiitwacho Imprimerie de l'Imerina kama msahihishaji. Kwa muda alifanya kazi bila malipo, kisha akapewa mshahara mdogo. Alibaki katika kazi hiyo hadi kifo chake.

Kiwanda hicho ndicho kilichochapa baadhi ya vitabu vyake, kwa nakala chache. Kitabu cha kwanza cha mashairi, La Coupe de cendres, kilitoka mwaka 1924. Kilifuatiwa na Sylves mwaka 1927 na Volumes mwaka 1928. Katika vitabu hivi vya mwanzo anaonekana kijana anayetaka kuwathibitishia Wafaransa kwamba anaweza kufuata vina na mizani vyao bila kuteleza.

Alituma pia barua kwa wingi. Miongoni mwa walioandikiana naye walikuwa mwandishi André Gide wa Ufaransa na Jean Amrouche, mshairi Mwalgeria aliyekuwa Tunis. Kila meli iliyofika na barua ilimletea habari kwamba huko mbali anahesabiwa kuwa mwandishi. Akitoka posta kurudi nyumbani, alikuwa tena mtawaliwa kama wengine, chini ya sheria za kikoloni zilizomnyima haki alizokuwa nazo Mfaransa yeyote. Aliwahi kufungwa siku tatu kwa sababu ya kodi ambayo hakuilipa.

Shairi moja, lugha mbili

Kazi yake kubwa ilikuja katika miaka ya 1930. Mwaka 1934 alitoa Presque-songes, jina linalokaribia kumaanisha vitu vinavyofanana na ndoto. Mwaka 1935 kikatoka Traduit de la nuit, yaani kilichotafsiriwa kutoka usiku. Hiki cha pili kilichapishwa Tunis.

Katika vitabu hivi aliachana na vina na mizani ya Kifaransa. Akaandika kwa mstari huru, kwa sauti tulivu, kuhusu vitu vya nyanda za juu za Imerina: ng'ombe wa nundu, mpungate unaoota penye ukame, ndege, mvua, miti, makaburi ya wahenga na nyota. Kuna shairi kuhusu valiha, ala ya muziki ya Madagaska inayotengenezwa kwa pingili ya mwanzi. Usiku ndiyo mada inayorudi tena na tena. Katika mashairi yake usiku hupewa mwili. Hufanya kazi, hufuma, huchunga, na kunapokucha hufa.

Jambo la pekee ni kwamba mashairi hayo yaliandikwa mara mbili, kwa Kimalagasi na kwa Kifaransa. Vitabu vilipotoka, wasomaji wa Ufaransa waliambiwa kuwa hizo ni tafsiri alizozifanya mwandishi mwenyewe kutoka lugha yake. Tangu wakati huo wataalamu wamejadiliana kuhusu lugha ipi ilitangulia. Waliochunguza miswada yake wameona kwamba mara nyingi lugha hizo mbili zilikwenda pamoja. Mstari wa Kimalagasi ulisahihisha ule wa Kifaransa, na wa Kifaransa ukaurudia ule wa Kimalagasi na kuubadilisha.

Kwa maneno mengine, alikaa katikati ya lugha hizo na kuzifanya zizungumze, jambo gumu kuliko kuhama kutoka moja kwenda nyingine. Anayesoma upande wa Kifaransa anasikia namna ya kusema isiyo ya Paris. Anayesoma upande wa Kimalagasi anakutana na mstari ambao wazee wa hainteny hawakuuzoea.

Kutafuta kilichopotea

Asingeweza kuitwa mtu aliyeitupa lugha ya mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, pamoja na washairi Charles Rajoelisolo na Ny Avana Ramanantoanina, alianzisha vuguvugu la fasihi lililoitwa Mitady ny Very, maana yake kutafuta kilichopotea. Lengo lake lilikuwa kuirudishia heshima lugha ya Kimalagasi na sanaa zake za kale, na kuwaonyesha vijana kwamba zinaweza kubeba mawazo mapya.

Haikuwa kazi isiyo na hatari. Ny Avana Ramanantoanina mwenyewe alikuwa ameishi miaka kadhaa uhamishoni Mayotte, baada ya Wafaransa kulivunja kundi la wazalendo lililoitwa VVS mwaka 1915 na 1916.

Hata hivyo Rabearivelo hakuwa mwanaharakati wa siasa, na hapo ndipo shida yake ilipoanza. Baadhi ya wenzake waliotaka uhuru walimwona ameelemea mno upande wa Wafaransa. Wafaransa wa Antananarivo nao walimsifia mashairi, lakini hawakuwa tayari kumpa kazi nzuri wala nafasi sawa. Wakubwa waliomwalika sebuleni kwao walimwona kama ajabu ya koloni, mwenyeji anayejua ushairi. Waswahili husema mshika mawili moja humponyoka. Kwake yeye hakuna lililomponyoka, ila wenye mawili hayo kila mmoja alimwona ni wa mwenzake.

Nyumbani

Mwaka 1926 Rabearivelo alimwoa Mary Razafitrimo, binti wa mpiga picha, na wakajaliwa watoto watano. Hakuwa mume rahisi. Alicheza kamari, alikunywa pombe, alivuta afyuni na alikuwa na wanawake wa nje. Madeni yalimfuata kila mahali.

Mwaka 1933 binti yake Voahangy alifariki dunia akiwa na umri wa miaka mitatu. Jina hilo lina maana ya ushanga wa marijani. Msiba huo ulimvunja. Kuanzia hapo kifo kilizidi kuingia katika mashairi na katika shajara yake. Binti mwingine alipozaliwa mwaka 1936, alimpa jina la Velomboahangy, lenye maana kwamba Voahangy yu hai.

Katika madaftari yake aliandika kila siku: alichosoma, barua alizopokea, fedha alizodaiwa, ndoto zake na hasira zake. Madaftari hayo leo ni mojawapo ya kumbukumbu muhimu za maisha ya Mwafrika chini ya ukoloni zilizoandikwa na mwenyewe.

Mwaka wa mwisho

Kufikia 1937 alikuwa amechoka. Alikuwa mgonjwa na mwenye madeni. Maombi yake ya kazi serikalini hayakufanikiwa. Safari ya Paris ilikuwa tumaini kubwa lililobaki. Ndiyo ingekuwa mara yake ya kwanza kuiona nchi ambayo lugha yake aliitumikia tangu ujanani.

Kukataliwa huko hakukuwa sababu pekee ya kifo chake. Msiba wa mtoto, umaskini, afyuni na upweke vilikuwa vimemzonga kwa miaka. Lakini uamuzi huo ulimwonyesha waziwazi mahali alipowekwa. Koloni lilitaka kujionyesha kwa vikapu, na halikuona haja ya kujionyesha kwa vitabu. Ususi wa Madagaska ni sanaa ya kuheshimika, na waliotumwa hawakuwa na kosa. Aibu ni ya waliodhani kwamba mikono ya Mwafrika inaweza kwenda Paris lakini kichwa chake kibaki nyumbani.

Kabla ya kufa alichoma madaftari matano ya kwanza ya shajara yake. Yaliyobaki, yenye kurasa zipatazo 1,800, yanaanzia Januari 1933 hadi siku yenyewe ya kifo. Aliacha mke na watoto wadogo.

Baada yake

Mwaka 1948 Léopold Sédar Senghor, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Senegal, alitoa mkusanyo wa mashairi ya Waafrika na Wamalagasi wanaoandika kwa Kifaransa. Rabearivelo alipewa nafasi ya heshima humo, na jina lake likavuka mipaka. Mwaka mmoja kabla yake, mwaka 1947, Madagaska ilikuwa imeinuka dhidi ya ukoloni na maelfu ya watu wakauawa. Mshairi Jacques Rabemananjara, aliyemjua Rabearivelo na kumheshimu kama kaka, alikuwa gerezani kwa sababu ya uasi huo.

Madagaska ilipopata uhuru mwaka 1960, Rabearivelo alitambuliwa kuwa mshairi wa taifa. Mwaka huo huo mashairi yake makubwa yalichapishwa kwa Kimalagasi na Kifaransa pamoja, kama alivyoyaandika. Mwaka 1962 tafsiri ya Kiingereza ya mashairi yake 24 ilitoka mjini Ibadan, Nigeria, na kuanzia hapo vijana wa Afrika nzima wakaanza kumsoma. Shule moja kubwa ya sekondari katikati ya Antananarivo ina jina lake. Kazi zake zote, pamoja na shajara, zilikusanywa na kuchapishwa nchini Ufaransa katika majuzuu mawili, mwaka 2010 na 2012.

Ukiuliza leo Rabearivelo alikuwa wa upande gani, vitabu vyake vinajibu vyenyewe. Kushoto Kimalagasi, kulia Kifaransa, na shairi ni lilelile. Wakati wake haukuwa na mahali pa mtu wa namna hiyo. Wakati wetu, mtoto wa kijijini anaweza kuimba kwa Kisukuma, Kigiryama au Kishi alfajiri, akasoma kwa Kiswahili asubuhi, na akafanya mtihani kwa Kiingereza au Kifaransa mchana. Bado wapo wanaomwambia mtoto huyo kwamba lugha moja ni ya akili na nyingine ni ya kuchungia mbuzi. Rabearivelo aliandika kuhusu ng'ombe na mpungate katika zote mbili, na hakuna iliyopungukiwa.

Msikilizaji, ikiwa wewe au mtu wa karibu yako amezidiwa na huzuni au mawazo ya kujidhuru, usikae nayo peke yako. Zungumza na mtu unayemwamini, kiongozi wako wa dini, au mhudumu wa afya katika zahanati iliyo karibu. Kuomba msaada si aibu.